Kisima cha Mke Mwenzangu

Jumatatu, 3 Juni

Daftari hili lilikuwa la mihtasari ya kamati ya mfereji. Kamati imepata jipya lenye jalada gumu, hili likabaki na kurasa nyingi nyeupe, na mimi katibu sioni kwa nini karatasi nzuri iishie kuwashia jiko. Nitaliandikia msimu wa vitunguu, tangu kuandaa matuta hadi kuvuna.

Leo pia amefika mkwe wangu na mjukuu wa wiki tano. Mwanangu anafanya kazi ya kujenga barabara, na wamehamishiwa kambi ya mahema ambako vumbi halilali. Ameona afadhali mke na mtoto wakae kwetu hadi amalize. Mkwe ni fundi cherehani. Amefika na mtoto kifuani na cherehani kichwani, na sijui kipi alikishika kwa uangalifu zaidi.

Mume wangu alimpokea mtoto, akamgeuzia kwenye mwanga, akatangaza kwamba amepata mke wa pili, na kwamba huyu hana maneno mengi. Basi nina mke mwenza. Hana jino hata moja na tayari amepewa upande wangu wa kochi.

Jumatano, 5 Juni

Mtoto ananyonya chupa. Nilimuuliza mkwe kulikoni, akasema, "Yamekauka, mama," akainamia cherehani. Ndivyo wasemavyo wasichana wa siku hizi wanaohofia vifua vyao. Mimi nilinyonyesha wanne, na kifua kilikwenda kilikokwenda. Sikumjibu kitu. Lakini nimeandika.

Jumatano, 12 Juni

Tumehamisha miche siku nzima. Mgongo haunijui wala mimi siujui.

Alhamisi, 20 Juni

Leo nimeshinda vita ya maji. Kumbe tangu aje, mkwe amekuwa akienda na dumu hadi kwenye bomba la shule, mwendo wa dakika ishirini, ili apate maji ya kukorogea maziwa ya mtoto. Nimemwambia hilo ni tusi kwa nyumba hii. Kisima chetu kiko nyuma ya jiko, hatua chache tu kutoka tuta la mwisho. Mume wangu alikichimba kwa mikono yake mwaka wa pili wa ndoa, nilipokuwa na mimba ya huyu huyu mwanangu na bado nachota mtoni. Siku ya kumi na moja alipanda juu na tope hadi kwenye nyusi, akaniambia, "Mtoni usishuke tena." Hakuwahi kunipa barua ya mapenzi. Alinipa kisima.

Mkwe alinisikiliza hadi mwisho. Akasema sawa, mama. Nimemwambia nitayachemsha mwenyewe kila asubuhi, tena yatokote sana, asiwe na hofu.

Alhamisi, 27 Juni

Miche imeshika. Mke mwenzangu ametabasamu, au ni gesi.

Jumamosi, 6 Julai

Shemeji amekuja, mdogo wake mume wangu, yule anayelima mkiani, mwisho kabisa wa mfereji. Akija huyu najua ni malalamiko. Sisi tuko juu, lango la pili la kutolea maji mferejini, na mume wangu hufungua lango alfajiri na kulifunga jua likizama. Shemeji anasema maji humfikia jioni, machache, ya kijani kama mgongo wa chura, na bwawa dogo la mwisho limeota utando na samaki wake wamekufa.

"Nyinyi mnakula, sisi tunalamba sahani," alisema.

Mume wangu akamjibu kwamba ada ya maji inatozwa kwa ekari, na yeye amelipia ekari zake zote. Risiti haisemi afunge lango saa ngapi. Ni kweli, haisemi. Mimi ndiye ninayeziandika hizo risiti, na mwenye ekari moja mkiani analipa sawasawa na mwenye ekari moja juu, awe ameoga kwa maji hayo au amelamba umande. Shemeji aliondoka bila kunywa chai. Nilimwambia mkwe kwamba mtu huyu alizaliwa akilalamika, na mkwe akacheka kidogo. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka.

Jumatatu, 15 Julai

Tumeweka mbolea ya kukuzia ya awamu ya kwanza, yote mara moja, kama kila mwaka. Kisha maji siku tatu mfululizo ili iyeyuke. Udongo wetu ni wa kichanga, unakunywa hausemi nimeshiba. Mume wangu amesimama kwenye tuta na kabuti lake la mvua, ingawa hakuna mvua, akiyatazama maji kama mtu anayetazama ng'ombe wake wakirudi.

Jumatatu, 22 Julai

Mkwe amenishonea gauni bila kunipima. Limenikaa. Ina maana amekuwa akinitazama.

Jumatano, 24 Julai

Mtoto anaharisha. Nimeongeza muda wa kuchemsha maji.

Jumanne, 30 Julai

Ninaandika hospitalini, kwenye benchi la korido, mchana. Daftari lilikuwa kwenye mkoba pamoja na nepi, sikumbuki nani alilitia.

Jana asubuhi nilikuwa nafua. Mkwe aliniita kwa sauti ya chini, na ni hiyo sauti ya chini iliyonitisha. Mtoto alikuwa amelala mikononi mwake, macho wazi, hachezi. Midomo yake ilikuwa kama ya mtu aliyelamba zambarau. Nikatazama kucha zake, zimeiva rangi ile ile. Nyayo zilikuwa za rangi ya majivu. Hakuwa na homa wala hakukohoa. Alipumua haraka kama kifaranga.

Mume wangu alitoka shambani mbio, akaacha lango wazi na jembe ndani ya maji. Tulipata pikapu ya jirani anayebeba nyanya sokoni. Njiani nilimsugua mtoto miguu, nikidhani ni baridi. Mkwe hakulia. Alikuwa anamwambia mtoto yale maneno ya kumbembeleza ambayo mimi ndiye niliyemfundisha mwanangu, na ambayo lazima mwanangu ndiye aliyemfundisha yeye.

Walimwekea hewa ya mtungi. Haikubadilisha rangi. Daktari, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alivuta damu kidogo akaishika kwenye dirisha. Damu ilikuwa ya kahawia, kama kahawa iliyolala. Aliitazama muda mrefu. Halafu akauliza swali ambalo niliona halina maana kabisa.

"Nyumbani mnalima nini?"

Nikasema vitunguu. Akauliza kama tunaweka mbolea. Akauliza mtoto ananyonya au anakunywa chupa, maji ya chupa yanatoka wapi, na kisima kiko umbali gani kutoka shambani. Kila swali nililijibu mimi, kwa kujiamini, kama katibu. Nilimwambia nayachemsha mwenyewe, dakika ishirini, hakuna mdudu anayeweza kupona.

Alikaa karibu yangu kabla ya kunijibu, na ndipo nilipojua jibu ni baya. Alisema huyu si mdudu. Mbolea ikizidi, maji ya mfereji huishusha chini ya udongo hadi kwenye kisima. Mtu mzima huyanywa asijue. Mtoto wa miezi mitatu, tumbo lake huigeuza mbolea ile kuwa kitu kinachoifanya damu ishindwe kubeba hewa. Kuharisha kumezidisha. Nikamuuliza, na kuchemsha?

"Ukichemsha mchuzi wenye chumvi, mama, kinachoondoka ni maji. Chumvi inabaki, na inakolea."

Nimechemsha kila asubuhi tangu tarehe ishirini mwezi wa sita.

Walimpiga sindano ya dawa ya rangi ya wino. Nilisimama ukutani. Baada ya muda ambao sitaki kuupima, mkwe alisema, "Mama, njoo umwone." Midomo ilikuwa inarudi, pole pole, kuanzia katikati, kama mkate unavyopata rangi. Mtoto akalia kwa hasira. Sijawahi kusikia matusi matamu kama yale.

Jioni muuguzi alipomtaka mkwe abadilishe nguo zilizolowa, nilimshikia shuka. Ndipo nilipoliona titi lake la kushoto. Lina kovu refu, limeingia ndani, bado bichi. Aliniona nikiliona. Akasema lilikuwa jipu, wiki ya pili baada ya kujifungua, lilipasuliwa mara mbili na homa ikakausha yote mawili. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Uliniuliza kama mtu mwenye jibu tayari, mama."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana neno hilo limeniingia.

Jumatano, 31 Julai

Mke mwenzangu anakojoa kijani kibichi kwa sababu ya ile dawa. Mume wangu alipoiona nepi alishtuka, daktari akamtuliza. Basi akasema mke wake anakojoa wino, huyu atakuwa katibu. Mkwe alicheka hadi akashika titi. Mimi nilitoka nje, nikalia nyuma ya matangi ya maji.

Ijumaa, 2 Agosti

Tumerudi. Daktari alikuwa amewapigia simu ofisi ya bonde la mto, na kabla hatujashusha mizigo mwanamke mmoja amefika na sanduku la kijivu. Mume wangu amembatiza Bibi Maji. Alichovya kijikaratasi kwenye ndoo ya kisima chetu, akahesabu kwa saa yake. Kijikaratasi kiliwaka waridi, kikaendelea kuiva hadi kikawa kama nyanya. Alipima tena kwa chupa ndogo ili asitusingizie. Mwisho wa usalama ni miligramu hamsini kwa lita. Kisima chetu kina mia moja arobaini na tatu.

Alieleza kwa utaratibu, bila kutulaumu. Kitunguu kina mizizi mifupi. Mbolea ikiwekwa yote kwa siku moja, na maji yakapita kutwa, mizizi hupata kijiko na kisima hupata bakuli. Inayobaki juu huteremka na mfereji hadi mkiani, ndiyo inayootesha ule utando wa kijani. Na kwa kuwa ada ni ya ekari, siyo ya maji, hakuna anayepoteza chochote kwa kuliacha lango wazi. Ofisi yake inataka mfereji ugawiwe kwa zamu za saa, na kila lango liwe na kipimo.

Mume wangu alimsikiliza huku mikono iko nyuma. Alipomaliza alisema, "Kwa hiyo mnataka kutuuzia maji kwa kikombe, ndiyo mmeleta habari ya sumu." Akaingia shambani. Dakika tano baadaye nikasikia lango likifunguliwa.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimemchukia kidogo leo. Ninaandika ili kesho nisijidanganye kwamba sikumchukia.

Jumatatu, 5 Agosti

Mkwe anajua mimi ndiye niliyemkataza bomba la shule. Nimengoja aseme. Leo tulikuwa tunakunja nguo, nikashindwa, nikasema mwenyewe. Nilimwambia alikuwa sahihi, na mimi nilimlazimisha, na mtoto angekufa kwa kiburi changu.

Alikunja nepi tatu. Akasema kule kwao mama yake alifariki yeye akiwa msichana mdogo. Hakuwahi kuwa na mtu wa kuamka kabla yake. Asubuhi zote zile alikuwa anasikia nikiwasha jiko, naye anajifunika tena anasinzia, anajiambia, kuna mtu ameamka.

"Nilikasirika," alisema. "Siku mbili nilikasirika sana. Lakini ningesema ulikuwa huna upendo ningekuwa mwongo."

Nikamwambia anakunja nepi vibaya. Akasema najua, mama.

Ijumaa, 9 Agosti

Mume wangu hazungumzi. Kila asubuhi anatoka na baiskeli na madumu manne, anakwenda kwenye bomba la shule, anayashusha mlangoni, anarudi shambani. Hamgusi mtoto. Mtoto akimwona hutupa miguu, naye hupita upande wa pili wa uzio. Hasira zangu zimeanza kukosa pa kukaa.

Jumatano, 14 Agosti

Nimemkuta kwenye kisima, amekaa ukingoni, mikono kwenye magoti. Nilikaa. Ukuta wa ndani bado una alama za sururu yake, zinaonekana jua likiwa juu.

Akasema, "Kumbe nilikuwa namnywesha mimi."

Nikamwambia ni mimi niliyechemsha. Akasema mimi nilichemsha, yeye aliyatia mbolea. Kila mwaka tangu aanze kununua mbolea hiyo, alikuwa anaitia kwenye shimo alilonichimbia mimi. Tukashindania kosa hapo kama watoto wanaoshindania kiti, kila mmoja analivuta kwake. Mwisho alicheka kwa pua, akajifuta kwa mkono wa shati.

Alieleza kwamba hakumgusa mtoto kwa sababu kila akimtazama huona zile kucha. Nilimpeleka ndani. Nikamwonyesha kucha, moja moja, zote kumi, zilivyo waridi. Mtoto akamshika ndevu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alhamisi, 15 Agosti

Bibi Maji amepima visima tisa vingine. Saba vimevuka hamsini. Kamati imeitisha mkutano Jumapili, na mimi ndiye nitakayesoma. Nilimuuliza mume wangu kama niseme "kisima namba moja" au nitaje ni chetu. Alikuwa anaziba pancha ya baiskeli. Akasema nitaje.

Jumapili, 18 Agosti

Mkutano ulifanyika darasani, wazee wamekaa kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yamegusa videvu. Wengi hawakuwa wamekuja kwa ajili ya visima. Walikuwa wamesikia habari ya vipimo kwenye malango, na wamekuja kuvikataa.

Nilisoma. Nilianza na chetu, mia moja arobaini na tatu. Minong'ono ikaanza. Bibi Maji alipoeleza habari ya zamu, wa juu wakasema hawawezi kunyimwa maji waliyolipia, na wa mkiani wakasema wao wamelipia maji ambayo hawajawahi kuyaona. Shemeji alisimama kueleza ule utando wa kijani, mtu mmoja akamwambia hata mvua ikinyesha yeye husema imemlenga jirani. Watu wakacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka hivyo hivyo mwezi uliopita.

Halafu mwenyekiti, mtu mzima ninayemheshimu, akasema tusitishane. Visima hivi vimetulea sote. Kama kuna mtoto aliyeugua, tuulize kwanza kwa nini hanyonyi ziwa la mama yake. Wasichana wa siku hizi, alisema, wanahofia vifua vyao.

Yalikuwa maneno yangu. Neno kwa neno, yako kwenye ukurasa wangu wa kwanza katika daftari hili. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni na mtoto, na nilimwona akiangalia chini, kama alivyoinamia cherehani siku ile.

Katibu hachangii hoja, ndiyo kanuni. Niliweka kalamu chini. Nilisema kwamba mtoto huyo ni mjukuu wangu. Mama yake hakukataa kunyonyesha, aliugua na akapasuliwa, na hakuwa na deni la kumweleza mtu yeyote kwenye madawati yale. Alikuwa anatembea dakika ishirini kila siku kumfuatia mwanawe maji salama, nami nikamzuia. Nikamzuia kwa sababu nilikuwa na fahari ya kisima changu. Niliyachota, nikayachemsha kwa mkono wangu, nikampa chupa mkononi.

"Kama mnatafuta wa kulaumiwa katika nyumba ile, mwenyekiti, niandike mimi. Lakini visima vingine saba havikuchemshwa na mimi."

Hakuna aliyecheka. Nikaketi, nikachukua kalamu nikakuta sijui niandike nini.

Mume wangu alisimama nyuma. Hajawahi kusema mkutanoni, huniachia mimi. Alisema shamba lake ni la pili kutoka juu, na kila mtu anajua analolifanya na lango. Kuanzia kesho atafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa nane mchana, siku za zamu yake tu. Bibi Maji aweke kipimo chake hapo kwanza. Mbolea ya awamu ya pili, nusu ya shamba ataiwekea kidogo kidogo kama alivyoelezwa, nusu ataiwekea yote mara moja kama zamani, na siku ya kuvuna waje wote waone kwa macho.

"Nikipata hasara mtanicheka," alisema. "Mimi nimeshaona kitu kibaya kuliko kuchekwa."

Akatembea hadi kwa mdogo wake, akamwambia kitu sikioni. Sikukisikia, na wala hajaniambia. Shemeji aliitikia kwa kichwa mara nyingi mno.

Tulipiga kura. Zamu za majaribio zimepita kwa tofauti ya kura nne tu. Mwenyekiti alitupigia kura sisi, kisha akamfuata mkwe wangu mlangoni, akamwomba radhi mbele za watu. Mkwe akampa mtoto amshike. Nimeandika yote hayo kwenye muhtasari, ingawa si kawaida.

Jumatatu, 26 Agosti

Saa nane kamili mume wangu alifunga lango. Alibaki amelishika kama mtu aliyemfungia mgeni nje. Kisha akaja kulala mchana, jambo ambalo hajalifanya tangu tuoane. Amekoroma.

Jumapili, 8 Septemba

Jua kali wiki nzima. Shamba linaonekana limenyauka kidogo mchana, jioni linasimama. Mume wangu hajala vizuri. Anazunguka matuta, anachimba kwa kidole kuona unyevu umefika wapi, kisha anapanguza kidole kwenye suruali niliyoifua jana. Shemeji kapita, akamkuta hivyo, akachutama akachimba naye. Walizozana kuhusu unyevu kama ndugu. Akanywa chai vikombe viwili.

Jumamosi, 21 Septemba

Mwanangu amepiga simu, barabara inakaribia kwisha. Mkwe aliongea naye akizunguka uani, akicheka. Aliporudi aliniambia kwamba mwezi ujao watahamia mjini, mume wake amepata chumba chenye bomba. Nikasema vizuri. Nilikwenda kung'oa magugu ambayo hayakuwepo.

Alhamisi, 3 Oktoba

Tumevuna. Watu walikuja, hata wasioalikwa. Nusu iliyowekwa mbolea kama zamani imetoa magunia mawili zaidi, na waliokuja kucheka wakaanza kuchangamka. Lakini vitunguu vya nusu ya mbolea kidogo kidogo ni vigumu, shingo zake nyembamba, vimekauka vizuri. Mnunuzi alivibonyeza, akavitaka hivyo kwanza. Na stoo imebaki na mbolea ambayo mume wangu hakuhitaji kuitumia. Hakujisifu. Alisimama kwenye magunia, akawaambia wazee kwamba hajapata zaidi na hajapata hasara, basi waende wakafikirie. Shemeji naye amevuna, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu vitunguu vyake vimejaza kiganja. Alituletea kikapu, akamkabidhi mkwe, siyo mimi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Bibi Maji alirudi kupima. Tulikuwa wote uani, kwa kuwa kesho mkwe anaondoka na cherehani ilishafungwa kwenye shuka. Mume wangu alichota ndoo mwenyewe. Kijikaratasi kikawa waridi, kikaiva, kikasimama. Mia moja thelathini na sita.

Niliona bega la mume wangu likishuka. Alidhani amefunga lango, kisima kitapona. Bibi Maji akaeleza kwamba maji ya chini hutembea pole pole. Haya tunayoyachota leo yana mbolea ya miaka mingi nyuma, na iliyoko njiani bado inateremka. Namba inaweza hata kupanda kabla ya kushuka. Kama mfereji mzima utashika zamu, labda miaka kumi, labda kumi na tano.

Mume wangu ana miaka sitini na saba. Mtoto alikuwa mapajani mwake, ameanza kukaa mwenyewe, anayumba kama mlevi mwenye heshima. Alimsimamisha wima kwa mkono mmoja.

Bibi Maji alitoa fomu ya kusajili visima, ili ofisi ivifuatilie kila mwaka. Akauliza aandike nani mwenye kisima.

"Mwandike huyu," alisema mume wangu, akimwinua mtoto kidogo.

Bibi Maji alitabasamu, akasema anataka mtu atakayempokea kila mwaka akija kupima. Mume wangu akasema ndiyo maana. Sisi tutampokea miaka hii ya mwanzo, tukimwakilisha. Kisha atampokea mwenyewe.

Mkwe aliniangalia, nikamwangalia. Akasema wakati wa likizo zote atamleta, na hakulisema kama ahadi ya kuagana, alilisema kama mtu anayepanga ratiba ya kazi. Bibi Maji akaweka kalamu sawa, akauliza jina kamili, na mkwe akamtajia herufi kwa herufi, huku mtoto akinyoosha mkono kuitaka kalamu.